Mkono Mmoja Haulei Mwana: Uamuzi wa Sekai katika Riwaya ya Takadini

Wahenga wa Kiswahili waliacha methali mbili juu ya malezi, nazo aghalabu hutoka katika kinywa kimoja bila ya msemaji kuhisi kuwa zinavutana. Ya kwanza yasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ya pili yasema mkono mmoja haulei mwana. Ile ya kwanza humtenga mzazi na walimwengu, ikampa maumivu yake yawe milki yake peke yake. Hii ya pili huwaita walimwengu waje washike upande wao wa mzigo. Mama aliyejaaliwa mtoto mwenye ulemavu huishi baina ya methali hizi. Watu wanapotaka kumsifu humsomea ya kwanza. Siku anapohitaji mtu wa kumshikia mtoto ili aende kisimani, yeye huikumbuka ya pili, na mara nyingi huikumbuka peke yake.

Riwaya ya Ben J. Hanson iitwayo Takadini, iliyotoka katika miaka ya 1990, inafaa kusomwa kwa kupimwa na methali hizi. Imeandikwa kwa Kiingereza, na mandhari yake ni nchi ya Washona, katika Zimbabwe ya kabla ya kuja kwa wakoloni. Hata hivyo ni kitabu kinachojulikana sana Tanzania, kwani kwa miaka mingi kilikuwamo katika orodha ya vitabu vya fasihi ya Kiingereza vya shule za sekondari. Maelfu ya vijana wamekisoma, wakaeleza dhamira zake katika karatasi za mtihani, kisha wakakifunga. Pengine kufungwa huko kwa haraka ndiko kulikofanya suala kuu la kitabu lipite bila ya kutazamwa vyema.

Kisa chenyewe si kirefu. Sekai ni mke wa kwanza wa Makwati. Miaka inapita hapati mtoto, na mumewe anaoa wake wengine. Baada ya kukata tamaa, anashika mimba na kujifungua mtoto wa kiume, na mtoto huyo ana ualbino. Kwa mila ya watu wake mtoto wa namna hiyo, ambaye Washona humwita musope, hastahili kuishi. Anaonekana kuwa ni laana iliyoangukia ukoo mzima. Kabla ya hukumu ya wazee kutekelezwa, Sekai anambeba mwanawe na kutoroka. Anafika katika kijiji cha mtemi Masasa, anapokewa na mganga mzee jina lake Chivero, na huko mtoto anakua, anajifunza kupiga mbira, na hatimaye anampata mke, Shingai, ambaye anamzalia mtoto asiye na ualbino.

Majina ya wahusika wawili wakuu yanastahili kuanzwa nayo, maana Kishona na Kiswahili ni ndugu, na msikilizaji wa Kiswahili anaweza kusikia yaliyomo bila ya kutafuta mkalimani wa mbali. Kitenzi cha Kishona kuseka ndicho kucheka cha Waswahili. Sekai, basi, ni "chekeni". Ni amri inayotolewa kwa watu wengi, na ndani yake mna uchungu wa mtu aliyekwisha kuchekwa na sasa anawaambia wachekaji waendelee. Kwa mwanamke aliyeishi miaka mingi bila ya mtoto katika nyumba ya mitala, jina hili ni wasifu wake wote. Takadini nalo ni swali: "tumefanya nini?" Hapa pana jambo ambalo wasomaji wengi hulipita. Swali hilo limeulizwa kwa wingi, na mama hakusema "nimefanya nini". Ametamka kiambishi cha watu wengi pale pale ambapo kijiji kizima kinataka kumpa yeye kosa la mtu mmoja.

Na sayansi imemthibitishia Sekai kiambishi chake. Ualbino unaoonekana katika ngozi, nywele na macho hurithiwa kwa namna ambayo lazima mtoto apokee chembe ya urithi wenyewe kwa baba na kwa mama pia. Mzazi mwenye chembe moja tu haonyeshi dalili yoyote. Anaweza kuishi umri wake wote asijue kuwa anayo. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba yao ina nafasi moja katika nne ya kuzaa mtoto mwenye ualbino. Kwa hiyo lile lililoitwa laana ya Sekai lilikuwa nusu yake la Makwati. Mume anayemkana mkewe kwa ajili ya mtoto kama huyo anaukana mwili wake mwenyewe.

Darasani, Sekai amezoea kutajwa kuwa ni mfano wa mama mvumilivu. Sifa hiyo ni njema, lakini haikuwekwa mahali pake. Uvumilivu wa Sekai ulikuwa katika nyumba ya Makwati, alipokaa miaka bila ya mtoto akitazama wake wenza wakiingia. Wakati huo alistahimili, akanyamaza, akangoja. Siku alipombeba mwanawe na kutoka, uvumilivu wake ulikoma. Kuvumilia, katika nyumba ile na katika saa ile, kungelikuwa ni kukubali mtoto auawe, kisha kulia kwa staha kama alivyotarajiwa. Watu wangelimhurumia, na cheo cha mke mkubwa kingelibaki mikononi mwake. Alivikataa vyote viwili. Kumwita mvumilivu ni kumrudisha kwa hila katika nyumba aliyoihama.

Tatizo hili halikuanzia darasani, limo katika lugha. Mfasiri yeyote atakayejaribu kuitia riwaya hii katika Kiswahili atapata taabu ya kumtafutia Sekai jina la hali yake. Mjane ni mwanamke aliyefiliwa na mume. Mtalaka ni mwanamke aliyepewa talaka. Aliyetelekezwa ni yule ambaye mume amekwenda zake. Maneno yote haya humtaja mwanamke kwa kile alichopoteza au alichofanyiwa, na kitenzi chake daima ni cha kutendwa. Sekai hakufiwa, hakuachwa wala hakutelekezwa. Yeye ndiye aliyetenda. Alipima mume na mwana, cheo na mwana, usalama na mwana, akachagua. Mitaani siku hizi husikika neno "singo maza", lakini hilo limekuja na kejeli yake, wala halitofautishi aliyechagua na aliyelazimika. "Mama pekee kwa hiari" ni fungu la maneno linaloeleweka. Ila bado halijapata makazi katika ulimi.

Kwengineko dhana hiyo imekwisha kupewa jina. Mwaka 1981, mjini New York, mtaalamu wa tiba ya nafsi Jane Mattes alianzisha jumuiya ya wanawake walioamua kuzaa au kuasili watoto bila ya mume, na jumuiya ikaitwa kwa jina la uamuzi huo huo. Lakini si haki kulichukua jina la New York na kumvisha Sekai bila ya kulikata upya. Uamuzi wa wanawake wale hutangulia mtoto. Mwanamke hukaa, akafikiri, akahesabu mshahara wake na umri wake, kisha akaamua kuwa mama. Ulemavu, ukija, huja baada ya uamuzi, nao humtaka achague mara ya pili kitu ambacho hakukiweka katika hesabu ya kwanza. Sekai hakuwa na uchaguzi wa kwanza. Yeye aliingia katika ndoa na uzazi kwa njia waliyopita wanawake wote wa kijiji chake. Uchaguzi wake ulikuja mtoto akiwa mkononi, rangi yake imekwisha kuonekana na hukumu yake inajulikana. Ni hiari iliyofanywa kwa macho yaliyofunguka kabisa, na kwa sababu hiyo ni nzito zaidi. Anayechagua mtoto asiyemjua anachagua tumaini. Sekai alimchagua mtoto huyu, na pamoja naye akachagua njia ya porini.

Hapa ndipo methali ya pili inapoingia. Sekai anatoka peke yake, na kama riwaya ingelikoma njiani, ingelikuwa ni riwaya ya msiba. Ushujaa wa mama hautoshi kumfikisha mtoto mchanga hata wiki ya pili. Kinachomwokoa Takadini baada ya mama yake ni kwamba mlango mmoja ulifunguliwa. Chivero, mganga mzee, anawapa paa. Masasa, mwenye mamlaka, anatoa ruhusa wakae. Bila ya paa lile na ruhusa ile, uamuzi wa Sekai ungelihesabiwa kuwa ni wazimu wa mzazi aliyemtorosha mtoto akafe mbali badala ya kufa karibu. Hanson ameliona jambo hili, na katika sehemu hii ya kitabu utunzi wake una nguvu. Chivero anasitiri watu wawili wasio na pa kwenda. Hamhurumii mtoto kama mtu anayetoa sadaka na kwenda zake, wala hamnunui mama kwa hisani yake. Anampa mtoto maarifa na kumpa mama pumzi.

Ila mtunzi ameuweka mkono wa pili juu kabisa, kwa mganga na mtemi. Wanawake wa kijiji kile wanaanza kwa kumtenga Sekai na kuwaficha watoto wao. Ni kweli kwamba katika maisha mambo huwa hivyo. Hofu hukaa zaidi pale ambapo mimba hukaa, kwani mwenye kuzaa ndiye anayeogopa kuzaa mtoto wa namna ile. Lakini malezi ya kila siku, ya kuogesha, kulisha, kuchunga jua lisimuunguze mtoto na kumwelekeza asiyeona vyema, hayafanywi na mganga wala mtemi. Hufanywa na jirani. Riwaya inatupa idhini ya wakubwa kwa urefu na mikono ya majirani kwa ufupi, na kwa mama aliye peke yake mikono hiyo ndiyo chakula cha kila siku.

Kasoro ya pili ni kubwa zaidi. Kadiri Takadini anavyokua ndivyo Sekai anavyorudi nyuma katika kivuli. Jina lililo juu ya jalada ni la mwana, na riwaya inalitii jalada. Mwana anapewa mbira, anapewa maadui, anapewa mapenzi. Kila kimoja kinakuwa hatua ya kukubaliwa kwake na kijiji. Ni furaha kwa msomaji kumwona kijana aliyehukumiwa kufa akifanya vidole vyake viimbe. Lakini ngazi hii ina hatari yake. Inaelekea kusema kwamba mtoto mwenye ulemavu hupata haki ya kuishi akionyesha kipaji. Na yule asiyekuwa na kipaji? Yule ambaye hatapiga mbira, hatatunga shairi, hataoa, ambaye umri wake wote atahitaji kuvikwa nguo na kulishwa? Sekai alipomchukua mwanawe usiku ule hakujua kuwa ana kipaji. Alimchukua mtoto aliyekuwa hana chochote ila uhai. Uamuzi wake ulikuwa na hoja iliyo kubwa kuliko hoja ya kitabu chenyewe.

Kasoro hiyo inafikia kilele katika hitimisho. Shingai anajifungua, mtoto hana ualbino, na kijiji kinapumua. Laana imeondoka, Sekai ameshinda. Msomaji wa haraka hufurahi pamoja na kijiji. Msomaji wa pole huuliza: lau mtoto yule angelizaliwa kama baba yake, Sekai angelikuwa amekosea? Kitabu kilichojengwa juu ya msingi kwamba mtoto wa Sekai anastahili kuishi kama alivyo, kinamalizika kwa kumtuliza msomaji kwa mtoto wa rangi ya wengine. Na hata faraja hiyo haisimami, kwani mtoto wa Takadini, hata awe na ngozi ya namna gani, hakosi kuwa amerithi kwa baba yake chembe moja ya ualbino. Yeye ni kama Makwati na Sekai walivyokuwa siku ya harusi yao: wazima machoni mwa watu, wamebeba wasichokijua. Hitimisho linalodhaniwa kuifunga hadithi limeirudisha mwanzo. Kama Hanson alikusudia hivyo, ni kinaya kikubwa. Kama hakukusudia, basi maumbile yameandika ukurasa wa mwisho kwa niaba yake.

Ili kuona kinachokosekana katika Takadini, inafaa kukilinganisha na kitabu cha mama aliyesema kwa kinywa chake. Pearl S. Buck, Mmarekani aliyelelewa na kuishi Uchina, alizaa binti mwaka 1920, na binti huyo akili yake haikukua kama mwili. Sababu yake ni maradhi ya kurithi ambayo hayakujulikana kwa waganga hadi mwaka 1934, yalipogunduliwa Norwe. Nayo, sawasawa na ualbino, hutaka chembe za wazazi wote wawili. Kwa miaka mingi Buck hakumtaja mwanawe hadharani. Mwaka 1931 alichapisha The Good Earth, riwaya ya mkulima Wang Lung, na ndani yake akamweka binti wa mkulima huyo asiyesema wala kupewa jina. Mwaka 1950 ndipo alipovunja kimya kwa The Child Who Never Grew, kitabu kidogo juu ya mtoto ambaye hakukua.

Buck hakufanya alivyofanya Sekai. Mwaka 1929 alimpeleka binti yake katika makazi ya watoto wa namna hiyo, Vineland, jimbo la New Jersey, kisha akaandika kwa bidii, na sehemu ya bidii hiyo ilikuwa ni haja ya fedha za kulipia makazi yale. Wapo watakaosema kuwa mmoja alimbeba mwanawe na mwengine alimweka chini. Hukumu hiyo ni nyepesi mno. Wote wawili waliulizwa swali moja ambalo mama pekee huulizwa kila usiku, nalo ni: nikifa, nani? Buck alilipa swali hilo mwili katika The Good Earth. Wang Lung, akiuona uzee, anamkabidhi kijakazi kijana, Pear Blossom, sumu ya kumpa binti yule pindi yeye atakapofariki, kwa kuwa hamwoni mtu mwengine yeyote atakayemtunza. Msichana anasema hawezi kumuua, na anaahidi kumtunza. Hakuna mganga wala mtemi katika chumba kile. Mtu mnyonge kuliko wote nyumbani ndiye anayeunyoosha mkono wa pili. Takadini haimwonyeshi Sekai akihesabu namna hiyo. Inamwonyesha akikimbia, kisha inampa pa kufikia.

Fasihi ya Kiswahili nayo ina sauti kongwe ya mama. Mwana Kupona alitunga utenzi wake mwaka 1858, akiwa mjane na mgonjwa, akimuusia binti yake. Wanaouhakiki utenzi huo hushughulika sana na mawaidha yake juu ya kumtii mume, na mara nyingi husahau kuwa mwenye kusema alikuwa mwanamke asiye na mume, aliyejua kuwa siku zake ni chache na mtoto anabaki. Mamlaka ya sauti yake hayakutoka kwa yeyote aliyesimama nyuma yake. Kwa hiyo mapokeo ya mama anayesema peke yake kwa ajili ya mwanawe yapo katika lugha hii tangu kale. Kinachongojwa ni mama huyo aseme juu ya mtoto ambaye ulimwengu haumtaki.

Wala si jambo la hadithi za kale za Washona. Tangu miaka ya 2000, Tanzania Bara, khasa mikoa ya Kanda ya Ziwa, ilitikiswa na mauaji ya watu wenye ualbino yaliyotokana na imani za kishirikina juu ya viungo vyao. Januari mwaka 2009 serikali ilifuta vibali vya waganga wa jadi. Mwaka 2010 wananchi wa Lindi Mjini walimchagua Salum Khalfani Barwani kuwa mbunge wao, wa kwanza mwenye ualbino kuingia bungeni kwa kura za jimbo. Katika miaka hiyo hiyo watoto walikusanywa katika vituo na shule maalumu ili wapate ulinzi, na Kabanga, mkoani Kigoma, baadhi ya kina mama walihamia humo pamoja na watoto wao, wakiacha nyuma nyumba na mashamba. Mwaka 2024 msiba wa namna ile ulirudi tena, mkoani Kagera. Kila mmoja wa wanawake wale ni Sekai asiye na riwaya. Kuna walioachwa na waume, na kuna waliotoka wenyewe. Kwa mbali haiwezekani kuwatenganisha, kwa sababu lugha imewapa wote jina moja la huruma.

Takadini ni riwaya ya kusomwa, na kusomwa upya na watu wazima ambao waliisoma kwa ajili ya mtihani. Uzuri wake ni kwamba ilithubutu kumtoa mwanamke katika nyumba ya mumewe na isimwadhibu kwa kutoka. Udhaifu wake ni kwamba ilitafuta sababu za kumridhisha msomaji, ikapata mbira na mjukuu, ilhali sababu ya Sekai ilikwisha kutosha tangu usiku wa kwanza.

Katika methali mbili zilizotajwa mwanzo, ile ya uchungu wa mwana ni ya kweli, lakini hutumiwa kama pazia. Humfunika mama kwa sifa ili waliopaswa kumsaidia wasimwone. Sekai hakuomba sifa. Alipiga hodi akiwa na mtoto mgongoni, na kitabu kizima kilitegemea kama ndani mtaitikiwa.